Ngumi Jiwe na Mpira Usiojua Heshima

Bingwa wa dunia alikuwa anauza vigae! Ndivyo Ngumi Jiwe alivyojiona, na jina hilo alijipa mwenyewe, maana wenzake dukani walichelewa kumpa. Tangu azaliwe alikuwa hajapigana na kitu kikubwa kuliko mbu, na mbu alishinda.

Siku aliyonunua mpira wa ngumi, ule mdogo wa ngozi unaoning'inia chini ya ubao na kurudi mbio kila ukipigwa, mtaa mzima ulipata habari kabla mkewe hajapata.

"Mabondia wakubwa wote wanao," alimwambia kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Utakaponisikia nikiuchapa, utafikiri mvua ya mawe!"

Mpira ulikuja na karatasi ya maelekezo. Akaitupa. Maelekezo ni ya wanaojifunza! Karatasi ilitaka mpira uning'inie usawa wa mdomo wa mpigaji. Yeye, ambaye kila siku huwaambia watu kuwa ni mrefu, akaufunga ukalingana na macho. Ilitaka ujazwe upepo wa kiasi. Akaujaza mpaka ukawa mgumu kama nazi. Ilitaka chuma kinachouzungusha kitiwe mafuta. Hakukitia hata tone.

Jioni ya kwanza akaingia stoo kifua wazi. "Njoo! Njoo uone!" akautisha mpira. Akatupa ngumi moja. Mpira ukaenda, ukagonga ubao, ukarudi na riba. Jicho likavimba.

"Yalaa! Mama yangu!"

Chuma kikavu nacho kikalia kwiii, kwiii, kama mtu anayeminywa. Mkewe, mshonaji, akaacha nguo ya mteja na kufungua mlango.

"Nilikwambia mimi! Hujakoma tu?"

Upande wa pili wa ukuta, kinyozi akatega sikio. Amesikia kishindo, amesikia kilio cha mwanamume, kisha sauti ya mke ikiuliza kama amekoma. Mwenye akili zake angefikiri nini?

Ikawa hivyo kila jioni. Bingwa akawa anaenda kazini na miwani ya jua, hata siku za mvua. Kinyozi, ambaye neno likimwingia sikioni lazima litokee mdomoni, akampigia simu shangazi aliyemlea Ngumi Jiwe. Jumamosi asubuhi shangazi akafika, kikao kikaketi sebuleni, na majirani wakajipanga dirishani.

"Mkwe wangu," shangazi akaanza, "nilikukabidhi mtoto mzima. Mbona unanirudishia vipande?"

Mke akamgeukia mumewe. "Haya, waambie nani anayekupiga."

Ngumi Jiwe akatazama zulia. Aseme amepigwa na mpira, mbele ya kinyozi? Akakohoa. "Mambo ya ndani," akasema, "ni mambo ya ndani."

Loo! Mwanamume mzima alikuwa radhi mkewe aitwe katili, mradi yeye asichekwe!

Shangazi akasimama. "Fungasha. Unarudi kwangu leo hii."

Kwa shangazi, ambako watu hulala jua likizama na kila mtu huosha sufuria! Na mke aachwe huku? Ulimi ukafunguka wenyewe. "Ni mpira! Shangazi, ni mpira unaonipiga!"

Machozi yakamlenga shangazi. "Maskini. Wanaopigwa wote husema hivyohivyo. Ni mlango, ni ngazi. Wewe umeleta mpira."

"Atuoneshe basi," akasema kinyozi.

"Haya. Ukikupiga," shangazi akamwambia Ngumi Jiwe, "nitampigia mkeo magoti nimwombe radhi. Usipokupiga, tunaondoka wote wawili."

Jambo rahisi! Kupigwa na ule mpira ndiyo kazi pekee aliyoimudu. Lakini asubuhi hiyo hiyo mkewe, kwa kumhurumia, alikuwa ameushusha ukalingana na mdomo wa mumewe, akaupunguza upepo, na chuma akakitia mafuta ya cherehani. Mke alilikumbuka hilo. Ila alikumbuka pia yale "mambo ya ndani" ya sebuleni, basi naye akakunja mikono, akanyamaza.

Watu wakajazana mlangoni mwa stoo. Bingwa akatupa ngumi. Taka! Mpira ukarudi kwa adabu. Akaupiga tena. Taka-taka-taka! Kinyozi akapiga mluzi. Taka-taka-taka-taka! Ngumi Jiwe akasahau shangazi, akasahau mke, akasahau hata kilichompeleka stoo.

"Mnaona? Mnaiona mikono hii?"

"Tumeiona," akasema shangazi. "Mpira umeumudu. Haya, begi liko wapi?"

Bingwa akashtuka. Akauvuta mpira, akauachia na kuukinga kwa pua. Ukamgusa taratibu kama paka anayeomba chakula. Akaukinga kwa jicho. Ukambembeleza.

"Basi mwanangu, usijitese." Shangazi akamshika mkono. "Mtu mwenye ngumi kama hizo, kweli apigwe na mpira?"

"Shangazi, sina ngumi! Nilibahatisha! Mimi sijui kupigana, nimekuwa mwongo miaka yote!"

Mkewe akaweka begi mlangoni, mashati yamekunjwa vizuri. Majirani wakatikisa vichwa kwa huruma, na kinyozi akafuta machozi.

"Mmeona alivyoharibiwa?" akasema. "Hata kujisifu kumemtoka!"