Kuhusu Kifuniko cha Samaki Wangu na Makazi Yako Sebuleni

Section 58,
Nakuru.
Jumapili, 16 Machi 2008

Kwako Mama Mkwe Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakupata ukiwa mzima. Haina safari ndefu, maana inatoka jikoni kwenda sebuleni. Ningekueleza kwa mdomo, lakini unajua desturi yetu sisi Wabukusu hairuhusu mkwe kukaa chumba kimoja na mama mkwe wake, sembuse kumlalamikia. Kwa hivyo nimengoja uende kanisani ndipo niandike, nikiwa nimekalia kochi langu kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Pole tena kwa yaliyokupata kule Keringet katika fujo za uchaguzi. Siku ile ulipofika na kuku wawili na nguo zako kwenye gunia la nyavu la viazi, ni mimi niliyemwambia binti yako Nerima, "Mama akae hapa mpaka mambo yatulie." Sasa wakubwa kule Nairobi wamepeana mikono na mambo yametulia kila mahali, isipokuwa juu ya tangi langu la samaki.

Tangi hilo nilipewa na Mzee Bhanu, ambaye mimi ni mtunza stoo wake, mtoto wake Pranav alipokwenda ng'ambo kusoma. Ni maji ya bahari, Mama, na hayo unayoyaita mawe ni matumbawe, nayo yana uhai. Lilikuja bila kifuniko, na kabla hujafika samaki wawili walishajirusha nje wakafia kwenye zulia. Amebaki yule mwembamba mwenye mkia mwekundu, ambaye akishtuka kidogo tu anaruka. Kumchagulia kifuniko ni jambo la kitaalamu. Hata hivyo:

1. Nilimkatia kioo kizuri cha milimita sita, chenye nafasi ya kupitisha nyaya. Siku mbili baadaye kilikuwa jikoni kwangu, kimepakwa unga, kimegeuzwa ubao wa kusukumia chapati. Nakiri kwamba nilikula chapati nne kabla ya kujua, na kwamba zilikuwa laini. Hilo halibadilishi neno.

2. Badala ya kioo uliweka kitambaa chako cha kochi, kile chenye tausi. Kitambaa kilining'inia ndani ya maji, kikayanyonya, kikayadondosha polepole mgongoni mwa televisheni. Televisheni ilizimika katikati ya taarifa ya habari. Ukamwambia Nerima, kwa sauti ya kunifikia mimi niliyekuwa jikoni, "Afadhali. Hiyo habari ilikuwa inanipandisha presha."

3. Halafu ukaweka ubao. Juu ya ubao ukaweka Biblia, juu ya Biblia chupa ya chai. Matumbawe yanahitaji mwanga, Mama. Yalijifunga siku tatu kama maduka ya mjini wakati wa fujo. Nilipomtuma Nerima akusihi uondoe ubao, ulimjibu, "Mwambie mawe pia hulala." Nimesoma kitabu chote alichoacha Pranav na sijaona ukurasa unaosema hivyo.

4. Kwa kuwa siwezi kuingia sebuleni wewe ukiwamo, jioni huwa nasimama nje kwenye maua ya Nerima na kumwangalia samaki wangu kupitia dirishani. Jumanne vijana wanaolinda mtaa walinimulika tochi usoni.

"Boss, unatafuta nini hapo?"

"Naangalia samaki wangu."

"Kwa dirisha la watu?"

"Hii ni nyumba yangu."

"Sasa mbona huingii?"

Niliwaeleza habari za mama mkwe. Mmoja wao, Mluhya mwenzetu, alinielewa vizuri na kunipa pole. Wengine wanne walicheka mpaka majirani wakawasha taa. Sasa nikipita dukani naitwa Mzee Dirisha.

5. Kilichonimaliza ni hiki cha juzi. Umelifumua lile gunia lako la viazi, umezisuka upya nyuzi zake kwa sindano yako, umezikaza kwenye fremu ya dirisha bovu, na umelifunika tangi la maji ya bahari kwa wavu wa viazi. Wavu, Mama! Kitu chenye matundu! Kifuniko kazi yake ni kufunika. Kama matundu yangekuwa kifuniko, basi na mimi ningeezeka nyumba hii kwa chujio la chai.

Nimefikiri sana. Nyumba moja haiwezi kuwa na wataalamu wawili wa vifuniko. Leo anayeamua kifuniko cha samaki, kesho ataamua kifuniko cha sufuria, kesho kutwa ataamua bati, na mwisho wa mwezi nitajikuta mimi ndiye ninayeomba hifadhi. Kwa hivyo wavu nimeutoa na kuuweka nyuma ya kochi, na kioo nimekiosha na kukirudisha mahali pake. Pia nimeongea na Wamalwa, mtoto wako wa Njoro. Atakuja na pikapu Jumamosi kukuchukua. Kwake hakuna samaki.

Nisalimie Nerima, aliye nawe muda mwingi kuliko mimi. Nisalimie na wale kuku. Pokea heshima zangu zote, ambazo ni nyingi, na ambazo zinaishia mlangoni.

Mimi mkwe wako,
Micah Sitati

N.B. Leo ni Jumatatu jioni na barua bado sijaituma. Mchana, wewe na Nerima mkiwa sokoni, Sapna, bintiye Mzee Bhanu aliyekuwa akilitunza tangi pamoja na kaka yake, alikuja kulitazama. Alikuta kioo kimejaa mvuke na chumvi, maji yamepata joto, na samaki yuko juu anahema. Akauliza, "Micah, nani ameweka kioo?" Mama, Mungu anisamehe, nikasema ni wewe.

Akakitoa. Alipokuwa akitafuta cha kufunikia akauona wavu nyuma ya kochi. Akaugeuza, akaupima matundu kwa kidole, akasema kaka yake aliutafuta mwaka mzima wavu kama huo: unapitisha hewa na mwanga, joto linatoka, na samaki harukii nje. Akauliza nani ameusuka. Nikasema ni mimi.

Sasa anataka mwingine wa tangi la rafiki yake, kabla ya Ijumaa, na nimekubali. Mimi sijui kushona hata kifungo.

Nerima amesema nisipokueleza haya mwenyewe atakueleza yeye, na kwamba Sapna naye lazima aambiwe. Nitamwambia kesho kazini. Wamalwa nimempigia simu asije. Samaki alirudi chini kabla ya saa kumi na ameshakula. Uzi wa nailoni nimenunua wa buluu na wa kijani, kwa sababu sikujua ungependa upi. Nerima atakuletea pamoja na barua hii.