Ombi la Kufuta Mchujo wa Ijumaa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mashindano ya Gofu,
Hua Hin.

Pokea heshima zangu nyingi. Mimi ni Bi. Wilawan Saengthong, mama wa mchezaji Thanakorn, na ndimi ninayembebea mfuko wa vijiti. Naandika Ijumaa hii jioni, kando ya ubao wa matokeo, kundi la mwisho likimalizia, kuomba kwa unyenyekevu mchujo ufutwe. Sheria naijua: baada ya siku mbili hubaki sitini na watano wenye mipigo michache, pamoja na wote waliofungana na huyo wa sitini na tano. Wengine mnawaaga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mstari wenu wa mchujo hautulii. Mchana mwanangu alimaliza akiwa wa hamsini na mbili, tukala wali kwa amani. Kisha upepo ukalala, waliocheza alasiri wakapiga watakavyo, naye, akiwa amekaa zake anakula embe, akashuka hadi wa sitini na sita. Mtu anashindwaje mchezo akiwa mezani?

2. Kwa kuuamini ubao wenu, nilikwenda kuchemsha mayai mia moja niliyouahidi mzimu wa mahali hapa, endapo kijana atapita. Kila mtu anajua nadhiri hutolewa ombi likishajibiwa. Mimi nimetanguliza. Sasa mzimu hauyapokei, na yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi. Ofisi yako inasemaje?

3. Jirani yangu Bi. Ratri hutungoja langoni kila Ijumaa. "Mmerudi tena, dada? Mbona wenzenu kwenye televisheni wanacheza Jumapili?" Mheshimiwa, mchujo wako unamnenepesha yule mwanamke.

4. Mwanangu ameniambia, "Mama, nikichujwa na hapa, Jumatatu naenda kwa mjomba kuuza matairi. Usinibembeleze." Hakuwa anatania. Nimembebea mfuko huu tangu ulipokuwa mrefu kumzidi, na roho inaniuma sana. Isitoshe, mjomba mwenyewe hamtaki.

Kwa hiyo naomba wote waendelee hadi Jumapili. Ikiwa uwanja utajaa, basi wanaoongoza ndio waende nyumbani Ijumaa, maana wao wameshaonyesha kwamba wanaweza.

Nisalimie wakata nyasi, wapishi, na yule mzee anayetunyanyulia kibao cha kutunyamazisha.

Wako mwenye uchungu,
Wilawan Saengthong

N.B. Kijana wa mwisho kabisa ametumbukiza mpira majini kwenye shimo la kumi na nane, ameongeza mpigo mmoja na kufungana na mwanangu. Wote waliofungana hapo wamepita! Nimepiga makofi peke yangu uwanja mzima, na watu wamenitazama vibaya. Thanakorn amekaa kwenye nyasi analia, nami nalia. Tafadhali mchujo usiguswe, ni sheria ya haki. Ila nimehesabu, tumebaki sabini na wanane, na kesho patakuwa na msongamano. Hao waliofungana ni wengi mno. Ikiwezekana abaki mmoja tu, na jina lake unalo.