Kabati la Kanuni Lenye Droo Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Watu wa Jimbo Wanaoishi Birmingham, ambaye hakuweza kufika kwa hiyo namwakilisha mimi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mimi, baba Mchungaji, maalim Idarous, mabibi manesi mliotoka zamu na mnalala mkiwa mmekaa, msiamke, tutawaamsha wakati wa makofi, mabwana wa viwandani, akina mama wa dobi ya hospitali, watoto mnaoelewa Kiswahili halafu mnajibu Kiingereza, bwana Surjit mtunza ukumbi, mzaliwa wa Kisumu, anayejua Kiswahili kuliko karani wangu Alfayo, na wewe Alfayo, simama watu wakuone. (Alfayo anasimama. Hakuna anayepiga makofi. Alfayo anakaa.)

Mimi, Solomon Barnabas, Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Muda wa Idara ya Kutunga, Kuweka na Kutangaza Kanuni za Serikali ya Jimbo letu, Tawi la Ng'ambo, nasimama mbele yenu Jumamosi hii ya mwaka 1973 nikiwa na furaha ya kiofisi, kwa sababu ile kazi mliyoniona naifanya tangu mwaka 1969, na wale ambao hamjaniona nikiifanya ni kwa sababu ofisi iko Sutton Coldfield na nyinyi mko huku Nechells, ile kazi sasa imefika kwenye steji ya kuzinduliwa. (Makofi kidogo. Mtu anasogeza hita ya mafuta ya taa karibu na miguu yake. Mwenzake anairudisha.)

Kama mnavyoona, hapa jukwaani kuna kitu kimefunikwa shuka. (Watu wanaangalia shuka. Ni ya maua, na ina jina la hospitali pembeni.) Chini ya shuka hii kuna Rejista Kuu ya Kanuni za Jimbo, yaani kabati la chuma, chuma kweli, limetengenezwa hapahapa Birmingham, droo nne, haliozi, haliliwi na mchwa, na likianguka linaangukia mtu mwingine. Nililichagua mwenyewe baada ya kutembelea viwanda kumi na saba kwa muda wa miezi ishirini na sita, na kila kiwanda nilikunywa chai, kwa niaba yenu.

Maana kuna watu mitaani wanadhani serikali ikitaka kanuni inaamka tu asubuhi inasema, fanyeni hivi. Hapana, ndugu zangu, hapana kabisa, kuna prosija. Kwanza idara inaandika rasimu, ndiyo droo ya kwanza. Halafu inatoa tangazo, jamani kuna rasimu, njooni mseme mnaionaje, siku thelathini, na mtakayosema yanaingia droo ya pili, droo ya maoni ya wananchi. Halafu kanuni inasainiwa, inapewa namba, inawekwa droo ya tatu. Halafu, na hapa ndipo penyewe, inachapwa kwenye Gazeti Rasmi la Jimbo, droo ya nne, na Gazeti linabandikwa ukutani kila mtu alisome. Kanuni ambayo haijachapwa kwenye Gazeti haina nguvu hata ya kumzuia paka kuvuka barabara. Hiyo ndiyo Kanuni Namba Moja, na niliitunga mwenyewe, kwa mkono, bila msaada wa mtu. (Makofi. Anayepiga ni Alfayo.)

(Mama Mwanamkasi wa dobi ya hospitali anasimama, mkoba kifuani. "Samahani, mheshimiwa. Kibali changu cha kurudi nyumbani je? Ndege Jumanne. Binti yangu anaolewa Ijumaa.")

Dada Mwanamkasi, swali lako ni zuri sana, na ndiyo sababu sitalijibu sasa hivi. Kwa wale wasiojua, dada yetu huyu anahitaji muhuri mmoja tu kwenye kibali chake. Muhuri wenyewe ni huu hapa, nauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata nikioga. (Anauonyesha. Kiatu chake cha kushoto hakina kamba.) Bila muhuri huu, akifika uwanja wa ndege nyumbani wanamgeuza na ndege ileile. Na mimi ningependa kumgongea, mkono wenyewe unawasha, lakini Kanuni Namba Tisa inasema wazi kwamba kibali kisigongwe muhuri mpaka Kanuni ya Kugonga Muhuri iwe imetungwa, ikawekwa, ikatangazwa, na hiyo kanuni iko kwenye prosija.

("Mwaka wa pili huu iko kwenye prosija," anasema Mama Mwanamkasi. "Huyo mtoto alikuwa hana hata mchumba!")

Ona sasa, yeye mambo yake yameendelea, na sisi mambo yetu yameendelea, kwa hiyo tunaendelea pamoja. (Kicheko. Mama Mwanamkasi hacheki wala hakai.)

Nikija kwenye takwimu. Tangu mwaka 1969 Tawi langu limefanya vikao mia nne na kumi na mbili, ambavyo katika mia tatu na tisini na nane akidi ilitimia, maana tulikuwepo wote wawili, mimi na Alfayo, na vile kumi na vinne vilivyobaki Alfayo alikuwa na mafua. Tumetumia karatasi za kaboni rimu tisa. Kazi ya kutunga imekamilika kwa asilimia tisini na sita, imebaki asilimia kumi na moja tu. ("Inazidi!" anasema fundi mmoja.) Inazidi kwa sababu ya bidii, bwana. Na ule ushirikishwaji wa wananchi mnaoulizaga, tumeushirikisha. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwetu siku thelathini kamili, kwa upande wa ndani, kwa sababu nje mvua ya huku inafuta wino. Hakuja mtu. Maoni sifuri! Na tafsiri ya kitaalamu ya maoni sifuri ni kwamba mmetuunga mkono kwa asilimia mia moja, ahsanteni sana.

("Mimi niliandika!" Mama Mwanamkasi anapaza sauti. "Barua kumi na moja!")

Hazijafika.

("Nilikupa mkononi, mheshimiwa! Stesheni! Ulikuwa unakula andazi!")

Zimefika mkononi, dada, hazijafika ofisini. Hizo ni hatua mbili tofauti, na katikati yake kuna fomu. (Watu wanaguna. Nesi Magdalene anaamka, anauliza jirani yake wamefika wapi, anaambiwa palepale.)

(Bwana Surjit anachungulia mlangoni na funguo zake. "Mheshimiwa, saa kumi kasoro robo. Wamama wa mchezo wa bingo wako nje, saa kumi ukumbi ni wao, na mvua inawanyeshea.")

Waambie tuko kwenye shughuli ya serikali.

("Nimewaambia. Wamecheka.")

(Nesi Magdalene ananyoosha mkono. "Mheshimiwa, hiyo Namba Tisa tunaweza kuiona? Tuisome tu kwa macho yetu. Labda kuna mahali inasema mama wa bibi harusi apite.")

Naam. Hilo ni ombi la haki kabisa, na wananchi mna haki ya kuona kanuni zenu saa yoyote ya kazi, isipokuwa saa za kazi, maana tunakuwa kazini. Lakini kwa kuwa leo ni uzinduzi, basi. Alfayo, toa shuka. (Alfayo anatoa shuka, anaikunja vizuri, anairudisha kwa mama mmoja wa dobi. Kabati linaonekana. Ni la kijivu, linang'aa kweli. Makofi ya kutosha, haya ya kweli.) Sasa kuhusu funguo, wananchi wapenzi, funguo iko salama sana. Kwa mujibu wa Kanuni ya Utunzaji wa Funguo, funguo imewekwa ndani ya droo ya nne.

("Ya kabati hilohilo?" anauliza maalim Idarous, pole pole, kama anamuuliza mgonjwa.)

Usalama, maalim. Usalama.

(Bwana Surjit anapanda jukwaani bila kuitwa. "Mimi huku ukumbini ni Jumamosi tu, wiki nzima kiwandani naunda makabati kama haya. Likikwama unalipiga hapa kiunoni, hivi." Analipiga kofi moja. Droo zote nne zinatoka mbele kwa pamoja kama ndimi. Watoto wanashangilia kwa Kiingereza.)

Nilikuwa nakaribia kufanya hivyo mimi. Sasa, twende kwa utaratibu. Droo ya kwanza, rasimu. Humu tuna... mwamvuli mmoja. Na ndala, jozi moja, za Alfayo. Hivi ni vitendea kazi vya hatua ya rasimu, maana rasimu inaandikwa mtu akiwa ametulia miguu. Droo ya tatu, kanuni zilizowekwa, tunaruka ya pili kwa ajili ya muda, humu tuna birika la umeme, na vikombe viwili, kimoja hakina mkono. Droo ya nne, Gazeti Rasmi. Humu tuna funguo, kama nilivyoahidi, na mimi nikiahidi natimiza! Na tuna gazeti! (Analiinua juu. Lina mafuta.)

("Hilo ni la chipsi, bwana mkubwa," anasema Surjit.)

Ni gazeti. Sikusema ni Rasmi.

("Ya pili!" watu wanapiga kelele. "Fungua ya pili!" Iko wazi tayari. Mama Mwanamkasi amekwisha panda jukwaani, anaangalia ndani. Zimo barua kumi na moja, zimepangwa kwa tarehe, zimefungwa kwa utepe, hata moja haijafunguliwa. Mama Mwanamkasi anazihesabu mara mbili.)

Mnaona... mnaona utunzaji huo. Hakuna iliyokunjika. (Mlangoni mama mmoja wa bingo, Mzungu, ameingia na kofia ya nailoni inayochuruzika, anakaa mstari wa nyuma.) Kwa sababu ya muda basi, naingia kwenye shukrani. Kwanza namshukuru mpiga chapa, mtu muungwana sana, ambaye angetuchapia Gazeti Rasmi kama Gazeti lingekuwepo, na Gazeti lingekuwepo kama kanuni ya kulianzisha ingekuwa imechapwa, nayo haikuchapwa kwa sababu ilitakiwa ichapwe kwenye Gazeti. Namshukuru taipisti wetu, ambaye tutamwajiri. Nashukuru...

("Simama hapo," anasema Nesi Magdalene, na sasa yuko macho kabisa. "Hakuna Gazeti?")

Halijakuwepo. Kwa sasa. Tangu mwanzo.

("Kwa hiyo Namba Tisa haikuchapwa?")

Isingewezekana, dada.

("Na kanuni ambayo haikuchapwa umesema mwenyewe haina nguvu ya kumzuia paka. Itamzuiaje Mama Mwanamkasi?" Kelele. Mtu anapiga kiti. Mama Mwanamkasi anafungua mkoba, anatoa kibali, anakilaza juu ya kabati, anakinyoosha kwa kiganja kama anapiga pasi. "Haya. Gonga.")

Ngojeni kwanza, tusikimbie. Namba Moja nayo haikuchapwa, kwa hiyo huwezi kuitumia Namba Moja kuiondoa Namba Tisa...

("Basi zote hazipo. Gonga!" "Gonga! Gonga!" ukumbi mzima, na mama wa bingo nyuma naye anapiga makofi, hajui ya nini.)

Hakuna kanuni inayonikataza, ni kweli. Lakini, ndugu zangu, hakuna pia inayoniruhusu! (Kelele zinakatika. Anashika muhuri, anauangalia.) Miaka minne nauvaa huu. Sijawahi kuugonga hata mara moja. Niliambiwa ukiharibu kibali cha mtu umeharibu, hakifutiki. Nikasema ngoja nipate kanuni kwanza. Ikawa kila nikishika kalamu...

(Mama Mwanamkasi anamsogelea, anaongea chini, lakini mstari wa mbele unasikia. "Solomon mdogo wangu. Ni hapa, penye mraba. Mimi nitakushikia karatasi isiteleze.")

Wino umekauka.

(Nesi Magdalene anatupa lipstiki yake kutoka mstari wa tatu. Alfayo anaidaka. Ndiyo kazi ya kwanza wameona Alfayo anaifanya. Anapaka muhuri taratibu, mpaka pembeni. Mheshimiwa anafumba macho, anagonga. Kabati linalia kama kengele. Kila mtu anasimama. Anafumbua jicho moja. Alama iko penye mraba, nyekundu, imenyooka. Mama Mwanamkasi anaipuliza, anaipuliza tena, halafu anakaa kwenye ngazi ya jukwaa na kujifuta macho kwa khanga, huku akicheka.)

Naam! Naam, wananchi! Kama nilivyokuwa nimepanga tangu mwaka 1969! Tawi langu leo limehudumia mteja kwa asilimia mia moja, mteja mmoja kati ya mmoja, na hakuna ofisi nyingine ya Jimbo yenye rekodi hiyo! Kanuni! ("Juu!") Utaratibu! ("Juu!") Gazeti Rasmi! ("La chipsi!") Juu tu, inatosha kusema juu. (Wamama wa bingo wameingia wote, wanapanga meza. Mmoja ameweka kopo la namba juu ya Rejista Kuu.)

Namalizia kwa kuwashukuru nyote mliokuja kuzindua Rejista ambayo, kwa uwazi wa kiserikali, haipo, ina kanuni ambazo hazipo, zilizotangazwa kwenye Gazeti ambalo halipo, chini ya Idara ambayo sisi wawili tumekuwa tukiitunza isionekane haipo. Birika lipo, karibuni chai. Dada Mwanamkasi, mwambie binti tunampongeza, na hizo barua zako chukua zote, usiache hata moja. Na mwingine yeyote mwenye maoni juu ya utendaji wetu asisite kuandika. Droo ya pili imepata nafasi.