Pudensiana na Dada Asiye na Jina

Njooni, enyi watu wa Levolosi, nanyi wa Olasiti msio na haraka, nanyi mnaorudi kutoka gulio la Ngaramtoni na magunia ya viazi mgongoni! Tueni mizigo, nyamazisheni watoto, zimeni hizo redio zenu mpya, maana naandika habari ya vita. Ewe Wino, usinikaukie kalamuni. Nawe Kumbukumbu, nishike mkono, nisije nikapunguza hata nukta katika habari ya Jumamosi ile ya mwaka 1997, siku Pudensiana binti Prosper alipotoa maoni yake juu ya riwaya tatu za vijana, na mji wa Arusha haukuanguka.

Pudensiana huyo, Mmaliza-Kurasa, Mwenye Miwani Iliyofungwa Uzi, alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Baba yake, Mchaga wa Kibosho, aliuza mitumba sokoni. Binti alisoma kila kilichoandikwa: vitabu, magazeti ya kufungia maandazi, hata maelezo ya dawa ya mende. Na zama zile kusoma kulikuwa kwingi, kwa sababu milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye mashine ya kuchapa kadi za harusi aliamka asubuhi akajikuta mchapishaji. Riwaya za majini na za sayari zikatufurikia kama mvua za Aprili, nyingine zikiwa na kurasa zote, nyingine zikiruka kutoka ukurasa wa thelathini hadi wa arobaini na saba bila kuomba radhi.

Ndipo kikazaliwa Chama cha Wasomaji Vijana, kilichokutana katika ukumbi wa parokia, kati ya darasa la ushonaji na stoo ya viti. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Elihuruma, Ngao ya Amani, mtu ambaye hakuwahi kumuudhi mtu wala kumsaidia. Yeye ndiye aliyeitunga ile sheria kuu, kwamba maoni ya msomaji ni sentensi tatu: Kitabu ni kizuri. Kinafundisha. Nawashauri wenzangu wakisome. Kwa sheria hiyo chama kilikuwa kimehukumu vitabu ishirini na viwili, na vyote, ajabu ya Mungu, vilikuwa vizuri na vilifundisha.

Lakini siku hiyo palikuwa na mgeni. Mwalimu Sylvanus, aliyefundisha shule ya msingi hadi fagio la kupunguza wafanyakazi lilipompitia, alikuwa amekwenda nyumbani, akakaa mezani, akaandika riwaya iitwayo Roboti wa Mwaka Elfu Mbili. Jumatatu kitabu kingerudi mtamboni kuchapwa mara ya pili, naye alikuja kuomba neno la wasomaji la kuwekwa kwenye jalada la nyuma. Aliketi mbele, suti imepigwa pasi, kalamu ya wino mfukoni, uso wake ukitumaini waziwazi.

Na hapa, wasikilizaji, ndipo vita vinapouma. Pudensiana alipokuwa darasa la tatu aliitwa mjinga, kwa kuwa hakuweza kunakili kilichokuwa ubaoni. Ni Mwalimu Sylvanus aliyegundua kwamba mtoto hakuwa mjinga, alikuwa haoni vizuri. Akamwongoza kwa miguu hadi hospitalini, akasubiri naye foleni mchana kutwa, akarudi naye akiwa na macho mapya. Nani basi angeinua mkuki dhidi ya mtu wa namna hiyo?

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Pudensiana alipoitwa mbele.

"Marahaba, mwanangu. Sema, sema bila woga."

Shujaa akachomoa daftari mkobani kama upanga alani.

"Ndugu Mwenyekiti," akanguruma, kwa kadiri msichana mwenye mafua anavyoweza kunguruma, "nianze na Mteule wa Mlima wa Moshi. Yatima ana alama begani. Babu kizee anaiona, analia, anampa mkuki, na ufalme unaokolewa. Nauliza: mimi nina alama ya chanjo begani, na Hanna anayo, na ukumbi mzima huu unayo. Mbona hatujapewa hata kijiti?"

Ukumbi ukacheka. Hanna, rafiki yake mpenzi, akajishika bega.

"Cha pili, Mchumba Kutoka Mwezi wa Pili. Ukurasa wa nne kijana wa mwezini anamtazama binti kwa huzuni. Ukurasa wa tano binti yuko tayari kufa. Ndugu zangu, muuza mkaa wetu hunitazama kwa huzuni kila siku, na bado nipo hai."

"Binti Prosper!" Bwana Elihuruma akasimama, mikono juu, kama anayezuia gari bovu. "Tukumbuke utaratibu. Sentensi tatu! Waandishi ni watu, wana mioyo, wana familia. Tukianza kusema tunachofikiri, chama hiki kitafika wapi?"

"Mwache," alisema Mwalimu Sylvanus, akitabasamu. Vitabu viwili vile havikuwa vyake. "Sasa cha tatu."

Hanna akanong'ona, "Puda, wewe sema tu ni kizuri, tukanywe chai." Naam, chai ilikuwepo, na maandazi yalikuwepo, na njia ya amani ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Pudensiana alifungua mdomo aseme, Kitabu ni kizuri. Akauangalia uso ule uliosubiri naye kwenye foleni ya hospitali, akaona kwamba kumdanganya mtu aliyemfungua macho kungekuwa wizi.

"Mwalimu, roboti wako nampenda," alianza. "Anaruka kutoka Meru hadi sayari ya Mirihi kabla uji haujapoa. Anajua lugha arobaini. Jina lake lina herufi sita na tarakimu tano, nami nimelikariri. Yule kijana, bwana wake, ana jina. Mbwa wao ana jina. Lakini ukurasa wa sitini na moja yumo dada. Mwaka elfu mbili umefika, magari yanapaa juu ya Mnara wa Saa, na dada amepiga magoti jikoni anapuliza kuni, machozi yanamtoka kwa moshi. Anawapikia wote, hata roboti anaandaliwa sahani. Kisha hatajwi tena. Nimesoma mara tatu nikidhani kurasa zimeruka. Hazikuruka. Mwalimu, dada huyu anaitwa nani?"

Tabasamu likamtoka Mwalimu Sylvanus taratibu. Bwana Elihuruma akawahi kupiga makofi ili shughuli iishe, lakini makofi ya mtu mmoja hayavunji kimya, hukiongezea ubaridi.

"Ni dada tu," alisema Mwalimu hatimaye. "Riwaya ni ya sayansi, mwanangu. Si ya jikoni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Msomaji hahitaji jina lake."

"Mimi nililihitaji, Mwalimu," alisema Pudensiana, na machozi, adui asiyealikwa, yakamshuka mbele ya chama kizima. "Samahani. Naweza kukaa?"

Hakuketi. Kwa maana Mwalimu alikuwa amevua kofia, ameishika magotini, akiiangalia kana kwamba ilikuwa imemwuliza swali lingine.

"Agnela," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Dada yangu. Aliitwa Agnela. Tulikuwa wawili, na ada ilikuwa ya mmoja. Mimi nilisoma kwa mwanga wa moto aliokuwa akiupuliza yeye. Hadi anafariki alikuwa akiwaambia majirani kwamba kaka yake anaweza kuandika kitabu." Akaigeuza kofia. "Nimeandika kitabu."

Akachukua nakala yake, akafungua ukurasa wa sitini na moja, akachomoa kalamu. Akakata neno dada, akaandika juu yake Agnela, kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni. Kisha akainua macho.

"Nimempa jina. Sasa afanye nini?"

"Mimi sijui, Mwalimu," alisema Pudensiana, akipenga. "Atoke jikoni kwanza. Mengine atayaona mwenyewe."

Basi na iandikwe kwa wino mzito! Wanasema mwaka ule yalitokea mambo mengine nchini, viwanda vikauzwa, na wakubwa wakahutubia. Mwandishi huyu hana nafasi ya kuyaweka. Jumatatu mchapaji alilalamika kwamba kuongeza sentensi moja kungesogeza mistari yote ya ukurasa, naye Mwalimu Sylvanus akamjibu kwamba isogee. Ikasogea. Falme na zisujudu, majeshi na yashushe bendera, maana upo ushahidi katika nakala zote mia tatu za chapa ya pili, ukurasa wa sitini na moja, mstari wa tisa: Agnela akasimama, akafuta macho, akatoka nje kuona kitu kile kinachopaa.