Hisa Sitini na Mtamba Mwekundu

Chechelesi, Isiolo
Jumatatu

Kwa Wakili Ridwan,

KUH: KESI YANGU NA ELMI, NA HESABU YAKO YA AIBU

Salaam aleikum, mjukuu wangu. Mimi ni mzima. Nimesoma karatasi ulizopeleka kortini, nikazirudia kwa miwani ya jirani, na bado sielewi ulipata wapi ujasiri wa kudai elfu tisini peke yake. Kesi inasikizwa Alhamisi, kwa hivyo soma hii kabla ya chai.

1. Mwaka wa 2018 niliuza mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, nikanunua hisa sitini za kampuni yetu ya maziwa ya ngamia. Mwenyekiti ni Elmi. Mwaka juzi nilienda kuuliza faida, nikaambiwa hisa ni za Elmi sasa, eti nilimpa mwenyewe, na alama ya kidole gumba changu iko kwa fomu. Niliacha shule darasa la tatu, lakini jina langu naliandika tangu Elmi akinyonya. Kidole gumba natumia kugeuza chapati.

2. Nilipomtangaza sokoni, alinilipa kwa cheki tatu, kila moja elfu thelathini. Kila mara aliniambia nisiipeleke benki kabla ya siku saba. Nikangoja kama mtu mwenye adabu. Ya kwanza ilirudi. Ya pili ilirudi haraka kuliko ya kwanza, na benki ikanikata mia tano za adhabu, mimi, si yeye. Ya tatu sikujisumbua nayo. Iko kwa mkebe wa majani chai, ile uliyosema nilete kortini. Mtu ana nyumba ya mawe yenye choo ndani, na akaunti yake haiwezi kununua kiberiti.

3. Sasa wewe. Tatu mara thelathini ni tisini, hiyo hata mbuzi angehesabu. Halafu umeongeza riba. Riba ni haramu, na pia ni ujinga. Mtamba hana riba, anazaa. Kwetu Waborana ukimpa mtu ng'ombe amkamue, tunaita dabare. Maziwa ni yake, lakini ndama wote ni wa mwenye ng'ombe, hata wakizaliwa kwa boma la mwingine, hata miaka ikipita. Elmi alichukua mtamba wangu, ni vile tu siku hiyo alikuwa anaitwa hisa. Ndama ni wangu.

4. Nimehesabu kwa punje za maharagwe. Mama, watoto, wajukuu, jumla kumi na nne. Watatu nimewatoa wakafe kwa ukame, maana mimi si mwizi kama Elmi. Andika kumi na mmoja, wenye afya.

5. Maziwa pia arudishe. Dabare mtu hupewa kwa heshima, yeye alijipa. Asubuhi na jioni, tangu 2018, pamoja na samli. Samadi namwachia, asiseme nina roho mbaya.

6. Hakimu akisema korti haijui ng'ombe, ita shahidi wangu, Kabale wa Rapsu. Ametoa dabare kwa nusu ya watu wa Kinna na hajawahi kupoteza ndama hata mmoja. Nitamsomea barua hii kwa simu jioni, ajue cha kusema.

Nisalimie mama yako, mkeka wangu bado naungoja. Salimia Everline, karani wako anayejifanya hanisikii. Hakimu naye msalimie, mwambie namwombea macho.

Ni mimi, nitakayekulipa tukishinda,

Akko Tiya

N.B. Jumanne asubuhi. Kabale usimwite. Jana nikimsomea, nilipofika kwa baka jeupe aliuliza kama huyo si mtamba wake, yule aliyeniachia nimkamue, niliyemwambia ameliwa na fisi. Amekuja na gari la kwanza, yuko hapa sebuleni anakunywa chai yangu. Anadai kumi na mmoja kutoka kwangu, na wale watatu wa ukame pia amekataa kuwatoa. Futa 3, 4 na 5. Hesabu yako ya elfu tisini ilikuwa nzuri sana. Hisa ni karatasi, na karatasi haizai, hata mtoto anajua. Ile cheki ya tatu usiitafute Alhamisi, nimempa Kabale. Nimemwambia asiipeleke benki kabla ya siku saba.