Waigizaji Wananong'ona kwa Kusudi

Jumatatu, 5 Agosti 1991
Wamenizomea tena! Sinema ya saa tisa, ukumbi wangu hapa Iringo umejaa, na kila mzungu akifungua mdomo ananong'ona. Bunduki zinalia mpaka bati linatetemeka, kisha bwana mkubwa anamweleza mwenzake jambo muhimu kwa sauti ya mgonjwa. Watu wakapiga kelele: "Sauti! Sauti!" Nikaongeza. Bomu likalipuka, mtoto wa jirani yangu Mbuke akajikojolea. Nikapunguza. Wakazomea. Nusu wamehamia kwa Kasmiri, mwenye ukumbi kule Kigera, anayetangaza kwamba deki yangu ya video ni mbovu. Mwongo mkubwa! Deki hii niliibadilisha na cherehani ya mke wangu Esta, cherehani nzima kabisa. Ndiyo maana Esta yuko kwa mama yake, Nyasura ya Bunda, mwezi wa pili huu.

Jumanne, 6 Agosti
Nimeiangalia kanda mara nne, sikio kwenye televisheni. Sasa najua. Ni kusudi! Wanaficha maneno ili tusijue mambo yao. Alfonce, fundi redio, kaja kuchungulia. Eti kanda haina kosa, kosa ni jenereta langu lililo chini ya dirisha, nilipeleke nyuma ya nyumba. Pumbavu! Likinguruma pale, Iringo nzima inajua kwangu mimi Magesa kuna sinema. Nilifiche, nani aje? Nimemfukuza.

Alhamisi, 8 Agosti
Barua kutoka Nyasura. Mama mkwe anakuja Jumamosi na Esta, aone kwa macho yake hiyo kazi iliyomeza cherehani. Akiona ni kazi kweli, Esta anabaki kwangu. Akiona ni upuuzi, nisikanyage tena kwake. Lazima asikie kila neno! Nimeazima vyombo vya kwaya: kipaza sauti, amplifaya, spika na betri ya gari. Nitafasiri mwenyewe. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini wao si wananong'ona? Nani atanisahihisha?

Jumamosi, 10 Agosti
Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa hasira tu.
Mama mkwe kaketi benchi la mbele. Hapo ndipo nikakumbuka. Kwetu mkwe hata njiani unampisha; mimi na yeye tukae chumba kimoja, tukitazama watu wanabusiana? Aibu ya ukoo mzima! Nikatoka na kipaza sauti changu, nikasimama nje dirishani, kando ya jenereta, mgongo kwa ukumbi. Sioni kitu. Nikafasiri kwa kumbukumbu.
Alfonce akatoa kichwa dirishani. Eti ndani kunasikika jenereta tu, na sasa linasikika mara mbili, dirishani na kwenye spika. Wivu huo! Akatoa tena: "Mama anaulizaga, huyo kasemaje?" Nikapaza. Mara ya tatu, mama hajasikia. Mara ya nne, hajasikia. Damu ikanichemka. Nikajisemea tu, polepole, maana kwa kelele ile hata mimi sikuisikia sauti yangu, kwamba bibi huyu masikio yamemjaa ugoro, kwamba anakalia benchi la watu watatu peke yake, na kwamba aniachie mke wangu, yeye akafie mbele. Jenereta likaishiwa petroli kwenye neno "bibi". Betri ya kwaya haikuishiwa kitu.
Ukumbi mzima kimya. Wiki nzima niliutafuta ukimya huo.

Jumanne, 13 Agosti
Barua ya Esta imekuja na basi la Bunda. Mstari mmoja: "Mama amesikia vizuri. Rudisha cherehani."
Nirudishe! Baada ya wacheza sinema kunivunjia ndoa! Wangesema kwa sauti kama watu, mimi ningeshika kipaza sauti cha nini? Kusudi kabisa! Na Kasmiri anacheka hadi Kigera yote inamsikia.
Lakini nimepata dawa. Leo nimebadilisha kitanda chetu na jenereta la pili, kubwa kuliko la kwanza. Linakaa chini ya dirisha lingine, liendeshe spika kubwa zaidi. Esta akirudi atasikia kila neno.
Alfonce kaniuliza, Esta akirudi atalala wapi. Nimemfukuza.