Kiti Changu Hakihami

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanguka. Nyumbani kwangu mwenyewe! Nimerudi kutoka kazini, glasi ya chai mkono mmoja, ramani ya ofisi mkono mwingine, nikajitupa kitini kama kila siku. Kiti hakipo. Chai yote juu ya ramani. Kiwanja cha mchungaji, mteja wetu, sasa kina ziwa.

Kiti kiko kule ukutani, kinatazama cherehani. Jemedari (ndivyo ninavyomwita mke wangu, humu ndani ya daftari tu) kahamisha tena. Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kitanda. Niliamka, nikashuka upande niliouzoea, nikabusu ukuta.

Na mimi ni mpima ardhi! Miaka ishirini na miwili napanda bikoni, yale mawe ya mipaka. Watu wanashikana mashati kwa sababu ya shubiri moja ya mpaka, halafu kwangu kiti kinasafiri mita tatu bila hata barua!

Nimekirudisha dirishani, kikatazama barabara. Jemedari hakuinua hata macho kwenye sindano. Kasema kiti hiki kijifunze kutazama watu, la sivyo Jumamosi mama yake anakuja na pikapu, akichukue moja kwa moja.

Moyo umenipasuka pa! Kiti hiki kanichongea marehemu baba nilipoajiriwa. Alinipima mgongo kwa kamba kwanza. Sina kitu kingine kilichotoka mikononi mwake. Hakiondoki. Haki ya nani, hakiondoki!

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: sifa. Jemedari akisifiwa mpangilio huuchoka. Kwa hiyo nimekirudisha kiti kule ukutani kwa mikono yangu mwenyewe, nikakaa, nikasema lo, mke wangu, hapa ni peponi, sijui kwa nini sikuona mapema.

Kafurahi mno. Kaniongezea nyama. Kisha kakisogeza kiti karibu zaidi na cherehani, magoti yetu karibu yagusane.

Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Nikasubiri aingie kuoga, nikakirudisha dirishani. Alipotoka akasema mgongo wangu anaujua kuliko uso wangu. Nadhani ni sifa.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimetumia elimu. Kila mahali alipowahi kukiweka kiti, miguu imeacha alama sakafuni. Nimepima zote kwa tepu. Nimechora ramani ya sebule. Mahali saba! Nikatia mishale kuonyesha kiti kilitazama wapi kila mara.

Ajabu ya maajabu. Mishale yote saba inakutana pamoja. Kwenye cherehani.

Nimepima mara ya pili. Ni vilevile. Mwenye macho haambiwi tazama: sakafu yetu imeinama kuelekea cherehani! Kiti kinateleza chenyewe, maskini, na Jemedari anamalizia tu. Nimeazima gololi ya binti yetu nithibitishe. Gololi imekwenda jikoni. Hilo bado nalichunguza.

Nimemwonyesha Jemedari ramani. Kaitazama muda mrefu. Kisha kanitazama mimi, kama mwalimu anayengoja jibu ambalo mtoto analo mdomoni. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaita fundi aisawazishe sakafu.

Akarudi kwenye cherehani. Kakanyaga pedali mpaka uzi ukakatika mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku kuu! Jemedari kaenda kumpima bibi harusi. Mimi nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa meno. Nimekuja na drili ya ofisi, vyuma vya pembe, bolti nane na saruji ile ya bikoni. Matrekta yamegonga saruji hii yakapinda yenyewe.

Bolti nne zimeingia, moja kila mguu. Kiti kinatazama dirisha. Nimepaka alama nyekundu na kuandika B1, bikoni ya kwanza.

Shahidi ni binti yetu, miaka minane, nimemfunga mdomo kwa biskuti. Kauliza mama atafagiaje chini yake. Nikamwambia mpaka ni mpaka. Kauliza kwani mimi na mama tuna kesi. Nikampa biskuti nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Jemedari kaona asubuhi. Nilijikunyata nikingoja radi. Hakuna! Kaziba mdomo kwa kiganja, kaingia jikoni, mabega yakitikisika. Nikaenda kazini napiga mluzi. Nimewaambia wenzangu wote kwamba mwanamume ni msimamo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nimerudi jioni. Kiti hakijahama hata unywele. Vingine vyote vimehama! Kabati la vyombo limekuja mbele ya dirisha, mgongo wake ukinitazama, shubiri mbili kutoka puani. Kuingia kitini inabidi nipande juu ya mkono wa kiti kama mwizi wa mapapai.

Nikasema asante, nilitaka faragha. Nimekaa saa nzima natazama plaiwudi. Ina misumari kumi na minne. Mmoja umepinda.

Nimejaribu kufungua bolti kwa siri. Saruji imekauka. Ni saruji nzuri mno, shetani wangu mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kafika saa tatu na pikapu na wachukuzi wawili. Shikamoo, marahaba, kiti kiko wapi.

Wachukuzi wakajibana kando ya kabati, wakakishika, wakahesabu moja, mbili, tatu. Kiti hakikutikisika. Wakavuta tena. Mmoja akaondoka na mto wa kiti, akaangukia chungu cha maua. Mama mkwe akarudi nyuma hatua mbili, akauliza kama nyumba hii ina mapepo. Binti yetu akasema hapana, bibi, ina bolti. Biskuti zangu zote zimepotea bure!

Mama mkwe hakutaka kuamini. Kabati likasogezwa kidogo, akaenda kukaa mwenyewe. Basi kakaa, uso kwa plaiwudi, sisi sote nyuma yake, na kuanza kuliambia kabati habari zake. Kwamba marehemu mumewe naye alikuwa mtu wa dirisha. Kwamba yeye aliongea na kisogo cha mumewe miaka thelathini. Kwamba siku hizi akitaka kuukumbuka uso wake inabidi atoe picha.

Jemedari akawa anakunja kitambaa ambacho kilishakunjwa. Hata mimi nilishikwa na uchungu. Nikamhurumia sana yule mzee. Lakini angalau yeye alikuwa na dirisha.

Pikapu haiwezi kurudi tupu, kasema mama mkwe. Kachukua kabati! Vyombo vyote viko sakafuni, na mimi nimeshinda! Nimemsindikiza mpaka getini nikimpungia mikono yote miwili. Kiti cha baba kimebaki!

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka, nimekimbilia dirishani. Ala! Cherehani! Jemedari kaisogeza pale lilipokuwa kabati, na yeye mwenyewe kakaa nyuma yake, mgongo kwa dirisha, uso kwangu. Kasema mwanga wa hapa unafaa kutunga uzi.

Barabara siioni. Namwona yeye tu.

Nikakaa kwa hasira. Akaanza kunisimulia habari za bibi harusi ambaye kila akija kupimwa kiuno kimeongezeka na anailaumu tepu. Nikamwambia tepu huwa haisemi uongo. Akauliza, hata wateja wa viwanja hawaiamini? Nikamwambia ya mchungaji na ziwa lake. Tumecheka! Mimi nimecheka mpaka nimekohoa, binti akaja kuuliza kuna nini. Chai imepoa. Nje majirani wamegombana kwa sauti na sikugeuza shingo.

Nikamuuliza miwani hiyo mizuri kaipata lini. Kasema mwaka juzi.

Mara jua limezama. Mchana kutwa! Sikumbuki Jumapili tamu kama hii tangu tuoane. Nimejiuliza sababu ni nini. Nimechukua tepu, nimepima, na jibu nimelipata: sakafu imegeuza mteremko, sasa inaelekea dirishani. Ndiyo maana kiti kimetulia.

Hofu yangu ni moja tu. Namjua Jemedari. Wiki haiishi ataihamisha cherehani, nami nitabaki naitazama barabara peke yangu. Nimelala chini nimekagua miguu ya cherehani. Ni ya chuma, ina matundu manne tayari, na bolti zangu nne zimebaki. Kesho anakwenda kupeleka gauni la harusi. Nitapigia simu ofisi, nitasema lile jino limerudi.